Mzee Kifuniko Anatuaga kwa Mara ya Tatu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mzee Kifuniko, msimamizi wa jiko letu la mafunzo, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Wasomaji wa jarida hili watasema wamekwisha kuisoma sentensi hiyo. Ni kweli. Waliisoma mwaka juzi, wakaisoma tena mwaka jana, na mara zote mbili, Jumatatu iliyofuata sherehe, mzee alionekana mlangoni amevaa aproni yake, akiuliza ni nani aliyeacha ndoo wazi.

Safari hii tumeapa. Viti vimekodiwa, keki imeagizwa, na Meneja amesema kwamba Jumatatu ijayo kufuli la mlango wa nyuma litakuwa jipya.

Kwa wageni waalikwa ambao hawaijui nyumba yetu: duka letu linauza vifaa vya kutengenezea bia nyumbani. Tuna ndoo, mitungi ya kioo, mipira ya kuhamishia bia, vizibo, kimea na hamira. Nyuma ya duka kuna jiko lenye meza ndefu ya bati na dirisha moja lisilofunguliwa kamwe. Humo, watu wa kazi mbalimbali, muuguzi, seremala, fundi viatu, hufundishwa kupika bia kidogo, ya kujaza mtungi mmoja tu, ya kunywa na ndugu na majirani. Humo ndimo Mzee Kifuniko alimotawala, na tunatumia neno hilo kwa makusudi.

Alianza kwa kuosha chupa. Alifika mjini hapa na mkewe, ambaye wote tunamwita Shangazi, na binti mchanga mgongoni, na masanduku mawili ya bati yaliyofungwa kwa kamba. Alikotoka alikuwa fundi wa mashine ya kufunga makopo katika kiwanda cha kusindika matunda. Kiwanda kile kilisimama kwa sababu ambazo hazikuhusiana na matunda, na mji mzima ukaondoka karibu siku moja, wengine bila kugeuka nyuma. Shangazi husimulia kwamba walikuwa wamekwisha kufika darajani, watu wanasukumana, mtoto analia, mume wake akasimama ghafla. Akasema, “Ngoja, sikufunga mlango.” Akarudi akaufunga. Shangazi hujichekea anapofika hapo, kisha huacha kucheka.

Basi mtu wa namna hiyo akapewa chupa za kuosha katika nyumba inayopika bia. Haikuchukua muda akagundua kwamba bia yetu ya siku zile ilikuwa na kasoro, na kwamba kasoro hiyo ilikuwa ni sisi.

Tatizo lenyewe ni jepesi kuelezwa na gumu kuaminiwa. Bia iliyokwisha kuchachuka haipatani na hewa. Oksijeni ikiingia, harufu nzuri ya maua na matunda hupotea kwanza, kisha rangi hukolea kama chai iliyosahaulika, na mwisho kinywaji huwa na ladha ya boksi lililonyeshewa. Huoni kitu kikiingia. Husikii kitu. Umefungua kifuniko kidogo tu, umechungulia, umefurahi, umefunika. Baada ya wiki chache unakunywa boksi, na unailaumu hamira.

Mzee hakuwahi kuilaumu hamira. Alitulaumu sisi, kwa majina, mbele ya wateja.

Jina lake alilipata mwezi wa kwanza. Meneja wetu, ambaye wakati ule alikuwa karani tu, alifungua ndoo ili amwonyeshe mteja povu. Kutoka upande wa pili wa jiko, huku mikono yake imezama kwenye maji ya sabuni, yule mwosha chupa mpya akapiga ukelele: “Kifuniko!” Mteja aliangusha mkoba wake. Karani alifunika, akakasirika, akaenda kushtaki. Kesho yake akafungua tena, na ukelele ukapigwa tena. Miaka thelathini na moja imepita, karani amekuwa Meneja, amepata wajukuu, na bado akiingia jikoni huweka mikono yake nyuma kama mtoto wa shule.

Tuseme ukweli, maana hatukusudii sherehe ya nne: kufanya kazi na Mzee Kifuniko ni mtihani. Ukiacha kikombe chako mezani ukaenda kuitika simu, utakikuta kimefunikwa kwa sahani. Kalamu zetu zote zina vifuniko, na asiye na kifuniko cha kalamu huhojiwa. Alialikwa kwenye harusi ya ndugu wa dereva wetu, akatoweka wakati wa hotuba, akapatikana jikoni akifunika masufuria ya watu asiowajua, huku wapishi wakimwangalia kama mgonjwa. Meneja alipolazwa hospitali kwa ajili ya nyonga, mzee alikwenda kumjulia hali, akamvuta shuka mpaka puani. Muuguzi ndiye aliyemwokoa.

Na mafunzo yake! Siku ya kwanza kila mwanafunzi hupewa kipande cha boksi kilicholowekwa usiku kucha. “Onja,” husema mzee. Mwanafunzi hucheka. Mzee hacheki. “Onja, mwanangu, sikutanii. Hii ndiyo bia yako ya mwezi ujao, kama una mikono isiyotulia.” Mwalimu mmoja wa hesabu, mtu na heshima zake, alidhani ndiyo masharti ya darasa, akalitafuna lile boksi mpaka likaisha, kisha akaomba maji. Mzee alimpenda tangu siku hiyo. Alisema huyo atafika mbali, na kweli leo bia ya mwalimu huyo hukaa miezi na rangi yake haigeuki.

Wanafunzi humuuliza kwa nini ahangaike hivyo, wakati viwandani bia hupikwa kwa maelfu ya lita, na watu hufungua na kufunga. Jibu lake tumelisikia mpaka tunaliota. “Pipa kubwa ni kama ukoo mkubwa. Akija mgeni mmoja, atapata pa kulala, hata haonekani. Mtungi wako ni chumba kimoja. Akiingia mgeni, nyumba nzima haitalala.” Kisha huonyesha shingo ya chupa kwa kidole. Hapo, katika nafasi tupu kati ya bia na kizibo, ndipo adui anapokaa, na katika chupa chache hakuna bia ya kutosha kumvumilia.

Kuna saa moja tu ambapo hewa ilikaribishwa jikoni mle, na waliomwona saa hiyo walishangaa. Ni pale maji ya kimea yanapokuwa yamechemshwa, yamepoa, na hamira inakaribia kutiwa. Hapo hamira inahitaji pumzi ili izaane. Mzee hukumbatia mtungi, akautikisa, akaucheza kwa mabega na magoti, povu likapanda, naye akacheka kwa sauti ambayo hukuisikia wakati mwingine wowote. “Leo anaomba hewa, mpeni! Kesho akiomba, mnyimeni, hata akilia!” Akishaweka mtungi chini na kubana kifuniko, uso wake hurudi kama mlango wa benki.

Baada ya hapo sheria zilikuwa zake na hazikubadilika. Usifungue kuangalia kama inachachuka, angalia mapovu yanayotoka kwenye kile kikombe cha maji kilicho juu ya kifuniko. Ukiihamisha, usiimwage kutoka juu kama maji ya mkojo wa ng'ombe (maneno ni yake), ingiza mpira mpaka chini kabisa ya chombo, bia ipande polepole bila kelele. “Ukisikia bia inaongea, umekwisha kuiua.” Jaza chupa karibu na mdomo. Acha povu lipande lisukume hewa nje, kisha weka kizibo juu ya povu lenyewe, palepale, bila kuzungumza na mtu.

Alibuni pia vitu. Mwenyewe alitoboa vifuniko viwili na kuviunganisha kwa mipira miwili, ili bia ikishuka kwenye chombo cha chini, hewa ya ukaa iliyokuwamo humo ipande kujaza nafasi ya juu. Bia inahama, na haionani na jiko hata kidogo. Tunaviuza vifuniko hivyo hadi leo, na ndivyo vinavyoulizwa zaidi dukani.

Kubwa kuliko yote ilikuwa kadhia ya maputo. Mtungi ukipelekwa kwenye baridi ili bia itulie, hewa ya ndani husinyaa, na mtungi huvuta pumzi kutoka nje kama mtu aliyeshtuka. Pumzi hiyo ndiyo inayoharibu. Mzee akapata wazo la kufunga puto juu ya mtungi wakati bia bado inachachuka. Puto linajaa ile gesi ya bia yenyewe, na baridi ikija, mtungi unavuta kutoka kwenye puto badala ya kuvuta kutoka jikoni. Wazo zuri. Akamtuma dereva maputo. Dereva hakuuliza ya nini, akaleta yenye maandishi ya HERI YA KUZALIWA na picha za tembo wamevaa kofia. Siku hiyo ndiyo aliyokuja mkaguzi wa afya. Alisimama mlangoni akiitazama mitungi kumi na kitu imepangwa ukutani, kila mmoja na tembo wake anayekua taratibu. Mkaguzi akauliza, “Nani anazaliwa?” Meneja akasema ni utaratibu wa kitaalamu. Mkaguzi akaandika neno moja tu, ambalo hakutuonyesha, akaondoka. Tangu siku hiyo mzee anadai kwamba maputo ya tembo yana mpira mzito kuliko mengine, na amekataa aina nyingine yoyote.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, yaani kwa nini mtu huyu hastaafiki.

Nyumba yetu ina desturi. Anayeondoka hapiki bia yake ya kuagia, wanaobaki ndio humpikia, mtungi mmoja, kwa mikono yao. Siku ya sherehe humiminiwa kikombe. Akikinywa mpaka chini, basi amekubali kwamba kazi inaweza kuendelea bila yeye, na yuko huru kwenda. Akikiweka mezani hakijaisha, hajaaga. Nani aliianzisha desturi hiyo? Yeye mwenyewe, miaka mingi iliyopita, wakati kustaafu kulikuwa jambo la watu wengine.

Anayeumia kwa desturi hiyo ni Shangazi. Binti yao, aliyeondoka kule akiwa mgongoni, alirudi zamani akiwa mtu mzima, akaolewa, akaifufua nyumba ya wazazi wake kwa paa jipya. Chumba chao kiko tayari. Na kule amebaki dada mkubwa wa Shangazi, ambaye hawajaonana tangu siku ile ya daraja, na ambaye macho yake sasa yanafifia. Mwaka juzi alituma salamu kwa binti: “Mwambie mdogo wangu aje nimwone, ningali naona.” Shangazi aliyashusha yale masanduku mawili ya bati siku hiyohiyo, akapanga nguo, akafunga kamba. Yamekaa stoo ya nyumbani tangu wakati huo. Mzee hupita mbele ya mlango wa stoo uso umegeukia upande wa pili. Sweta lake la kijivu limo ndani ya sanduku mojawapo. Baridi ilipokuja, badala ya kufungua kamba alikwenda dukani akanunua sweta jingine.

Kustaafu kwa kwanza kuliharibiwa na upendo. Kila mtu alitaka bia ya mzee iwe njema, kwa hiyo kila mtu alikwenda kuhakikisha. Meneja alifungua kuona kama povu limetulia. Dereva alifungua kunusa. Mhasibu, ambaye alikuwa hajawahi kuingia jikoni maishani mwake, alifungua kwa sababu wenzake wote walikuwa wamefungua. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Siku ya sherehe mzee alinyanyua kikombe, akakinusa, akapiga funda moja, akakiweka chini taratibu. “Boksi,” alisema. Kila mmoja akageukia wenzake na kusema, “Mimi nilichungulia tu!” Ndipo tulipojua kwamba tulikuwa wachunguliaji sita. Zawadi ilikuwa saa ya ukutani. Jumatatu alikuja nayo akaitundika jikoni.

Kustaafu kwa pili kuliharibiwa na heshima. Safari hiyo hakuna aliyefungua. Tuliapa, na kiapo tulikitunza, na mpaka siku ya kujaza chupa bia ilikuwa safi kabisa. Lakini mmoja wetu, hatutamtaja ingawa ndiye anayeongoza duka, akapendekeza kwamba kila mfanyakazi aitolee chupa yake neno la shukrani kabla ya kuweka kizibo. Tukaona ni jambo jema. Tukasimama kuizunguka meza ya bati, chupa zimejazwa, midomo wazi, tukaanza kumsifu. Tulimsifu kwa uvumilivu wake, tukamsifu kwa usafi wake. Dereva alilia. Mhasibu alikuwa na kurasa mbili. Bia yote ilisimama pale ikisikiliza, ikivuta pumzi, mpaka wa mwisho alipomaliza. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini hawakutuonya kwamba unaweza kuliharibu tembo lenyewe kwa kulisifia mdomoni. Mzee alipoonja, alikiweka kikombe chini. Alimtazama Shangazi. Shangazi aliinuka, akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani kwa miguu.

Baada ya siku hiyo Shangazi hakuja dukani kwa muda mrefu. Alipokuja, alimpita Meneja, alimpita mume wake, akaenda moja kwa moja kwa dada wa kaunta, ambaye ndiye atakayerithi jiko. Walizungumza kwa sauti ndogo karibu na rafu ya vizibo. Dereva aliyekuwa akishusha magunia ya kimea alisikia mwisho tu: “Mwanangu, mimi sitaki sherehe. Nataka kwenda.”

Mwaka huu basi dada wa kaunta alishika usukani. Alipika mwenyewe. Aliuweka mtungi jikoni, juu ya rafu, na kuubandika karatasi kubwa: BIA YA KUMUAGA MZEE. ASIGUSE MTU. Akachora na fuvu. Alitutangazia kwamba atakayeonekana karibu na rafu hiyo ataosha chupa mpaka astaafu yeye. Tukatii. Hata mhasibu alianza kupita barabarani ili kufika ofisini, asije akashukiwa.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi, dereva aliingia jikoni kuchukua ndoo, akamkuta Mzee Kifuniko amesimama juu ya kigoda mbele ya mtungi ule. Mkono mmoja uko kwenye rafu. Katika mkono wa pili ameshika kifuniko.

Dereva anasema alidhani anaota. Akauliza, “Mzee, unafanya nini?”

“Naangalia kama kimekaza.”

“Kimekaza, nawe umekishika mkononi?”

Mzee alikirudisha kifuniko, akakibana vizuri, kwa uzoefu, akashuka kwenye kigoda akakaa juu ya kreti la chupa tupu. Akayatazama maputo ya tembo ukutani. Kisha akasema, si kwa dereva hasa, “Nani atakayenijua kule, mwanangu? Hapa hata paka wa jirani ananijua.”

Dereva wetu ana mengi mema, lakini hajaumbwa kwa ajili ya siri. Kufikia saa ya chai nyumba nzima ilikuwa inajua. Hasira iliyotushika siku hiyo haielezeki. Meneja alizunguka meza yake mara kadhaa. “Miaka yote hiyo!” alisema. “Miaka yote ananipigia kelele mbele ya wateja kwa kuchungulia tu! Kumbe na yeye!” Mhasibu alisema hii sasa ni hujuma, na kwamba mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa jambo hilo. Tukamkumbusha kwamba kumfukuza ndiko tulikokuwa tukijaribu kwa mwaka wa tatu. Tulikasirika, kisha hasira ikatuishia, kwa maana kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kuelewa. Mtu aliyeogopa hewa maisha yake yote alikuwa ameifungulia mlango kwa mkono wake, ili bia iharibike, ili asiende. Wengi wetu katika nyumba hii tumetoka mbali, na tunajua anachokiogopa. Mji ulioachwa haukai ukikungoja kama ulivyouacha. Mtu huogopa kufungua, akakuta ladha imegeuka.

Dada wa kaunta peke yake hakukasirika. Aliendelea kupanga vizibo kwenye kopo, na tulipomaliza kupiga kelele akasema, “Acheni afungue. Ule si wa kwake.”

Mzee, hapa ndipo unapoyasikia haya kwa mara ya kwanza, na ndiyo maana wasifu huu unasomwa hapa ukumbini kabla ya jarida kugawiwa. Mtungi wenye fuvu ulikuwa mtego. Ulipikwa siku ileile, kwa kimea kilekile, ili ukiufungua pua yako isishuku. Dada wa kaunta alikufahamu: alijua kwamba tishio kubwa kwa bia hii halikuwa Meneja wala mhasibu. Mtungi wa kweli aliutikisa yeye mwenyewe, kwa mabega na magoti kama ulivyomfundisha, akautia hamira, akaubana, na dereva akaupeleka kwako nyumbani siku hiyohiyo. Ndiyo, dereva. Siri hiyo moja aliiweza, na tunamwombea isiwe ya mwisho.

Mtungi huo ulikuwa kwako muda wote huu. Ulikuwa stoo, nyuma ya masanduku mawili ya bati, umefunikwa blanketi, na puto la tembo juu yake. Dada wa kaunta alimuuliza Shangazi ni sehemu gani ndani ya nyumba ambayo huigusi kamwe, na Shangazi hakufikiri hata kidogo. Umepita mbele ya mlango ule asubuhi na jioni, uso umegeukia upande wa pili, na bia yako ikachachuka kwa amani.

Stoo yenu ina baridi nzuri, kwa hiyo puto lilisinyaa kama ulivyosema lingesinyaa. Siku ya kujaza chupa, ulipokuwa darasani, dada wa kaunta alileta vile vifuniko vyako viwili na mipira yake. Shangazi ndiye aliyeshika chupa. Mpira ulifika chini kabisa, bia ilipanda bila kuongea, kizibo kikakaa juu ya povu. Hakuna neno la shukrani lililotolewa. Shangazi alikataza hata kukohoa.

Baada ya hapo hakuna aliyeionja. Tunataka ulielewe hilo, kwa sababu ni zawadi tuliyoipata kwa taabu. Meneja aliomba aonjeshwe kidogo, akakataliwa. Hatujui ina rangi gani. Hatujui kama ni njema. Kwa mara ya kwanza katika nyumba hii watu wote tumeiacha bia peke yake, na kama hilo si thibitisho la miaka yako thelathini na moja, basi hatuna jingine.

Chupa iko mbele yako, chini ya kitambaa cheupe, pamoja na kifungulio. Desturi unaijua kuliko sisi. Ikiwa njema, utainywa mpaka chini. Ikiwa ni boksi, Shangazi ameagiza tuandike hapa kwamba utainywa mpaka chini vilevile, kwa kuwa treni ya kesho asubuhi haina desturi, na dada yake angali anaona.

Tunakushukuru kwa vifuniko vyote, vya mitungi, vya vikombe na vya kalamu. Tunakushukuru kwa kelele, ambazo Jumatatu tutazitafuta na hatutazipata. Jiko liko mikononi mwema, na saa yako ya ukutani itabaki pale ulipoitundika. Sweta la kijivu liko juu kabisa katika sanduku la kwanza, Shangazi amelitoa chini akaliweka hapo, maana kule asubuhi bado kuna baridi. Paka wa jirani tutamsalimia. Tunawatakia wewe na Shangazi safari njema, afya, na siku nyingi za utulivu nyumbani kwenu. Mlango ule uliurudia ukaufunga wewe mwenyewe, na vitu ulivyovifunga wewe tumeona jinsi vinavyodumu.

Simama basi, Mzee wetu. Umetukataza miaka yote, nasi leo tunakuamuru mara moja tu: fungua.